Samaki wa Baba na Maji ya Mfereji

Kiharusi kilipompata baba, Kiarabu ndicho kilichotangulia kuondoka. Alikuwa amefanya kazi serikalini Maskati tangu miaka ya sabini, akiandika, akiamrisha na kusuluhisha watu kwa Kiarabu, na alipozinduka hospitali akawa hakijui tena. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni kwake Unguja, nacho kilikuwa kimekatika vipande, neno hapa neno pale. Sala hakuisahau. Alisoma Fatiha yote bila kukwama, lakini alipotaka maji ya kunywa hakuweza kumwomba muuguzi. Alinitazama mimi, akasema, "Kiu," kisha akageuza uso ukutani kama mtu aliyefedheheka.

Nyumba yetu ilikuwa Azaiba, mtaa mmoja wa Maskati. Baba na mama walikaa chini, kaka yangu na mkewe na watoto wao walikaa juu, nami nilikuwa na chumba changu karibu na jiko. Asubuhi nilikwenda kusomesha jiografia katika skuli moja ya binafsi Madinat Sultan Qaboos, jioni nikarudi kumsaidia mama. Watoto wa kaka walizungumza Kiarabu. Kiswahili walikisikia tu, hawakukisema. Walikuwa wakimwogopa babu yao kidogo, si kwa utovu wa adabu, bali kwa kuwa hawakujua wamwambie nini. Wenzake wa kazini walikuja kumjulia hali, wakakaa majilisi, chumba cha wageni, wakinywa kahawa na kuzungumza wao kwa wao, naye akitazama midomo yao. Miezi ikapita, wakapungua.

Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alitushauri tumtafutie baba kazi ya mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, vidole havikufunga vizuri. "Si mchezo wa kumpitishia wakati," aliniambia. "Mpeni kazi ambayo asipoifanya yeye, haifanyiki." Mama akampa vitunguu amenye, akavisukuma sinia nzima. Tukampa magazeti ayapange, akatutazama kwa huruma. Mimi nikaanza kukata tamaa.

Basi ikatokea kwamba wazazi wa mwanafunzi wangu mmoja walikuwa wanahama Oman kurudi kwao, nao walikuwa wanagawa vitu vya nyumba. Huyu kapewa zulia, huyu kabati. Mimi nikaambiwa, "Mwalimu, chukua tangi hili la samaki." Lilikuwa tangi la kioo refu kama meza ya kahawa, na chujio lake na taa yake, na samaki wadogo wenye mikia kama mitandio ya hariri. Sikuwa na haja nalo. Nilikubali kwa kuona haya tu.

Mama aliposikia nimeleta samaki alitoka jikoni na kisu mkononi. Akalitazama lile tangi juu na chini.

"Samaki gani hawa?"

"Wa kutazama, mama."

"Mie samaki nnamjua wa kupaka na wa kukaanga. Wa kutazama simjui." Akarudi jikoni.

Lakini baba alikuwa ameshavuta kiti. Alikaa mbele ya kioo mpaka adhana ya magharibi, na alipoinuka kwenda kutawadha alinigusa bega akasema, "Wazuri." Lilikuwa neno la kwanza ambalo hakulitamka kwa ajili ya shida.

Ndiyo ikawa kazi yake. Kila Alkhamisi, siku ya kwanza ya mapumziko yetu wakati huo, alinyonya sehemu ya maji ya tangi kwa mpira mwembamba, akayamwaga kwenye mitende ya uani, kisha akachota mapya jikoni kwa kopo na kuyatia polepole. Mwanzo alishika kopo kwa mkono wa kushoto na kuusindikiza kwa wa kulia. Baadaye mikono ikabadilishana kazi, mimi na mama tukatazamana.

Maji yetu wakati huo yaliletwa na lori. Lilikuja na kumimina kwenye hodhi lililochimbwa chini ya ua, kisha pampu ikayapandisha kwenye tangi la juu ya dari, na huko yakakaa juani mpaka yahitajike. Wakati wa joto yalishuka jikoni yakichemka, huwezi kuosha hata mkono. Kila mtu wa Maskati anaujua ujanja wake: unazima umeme wa tangi la kuchemshia maji lililo ndani ya nyumba, maji yaliyomo yanapoa humo kivulini, halafu unafungua upande wa maji moto upate baridi, na upande wa baridi unauacha na moto wake. Baba aliwachotea samaki upande ule wenye alama nyekundu. Wakanawiri na kuzaana mpaka tukawa tunawagawia jirani.

Kisha mtaa wetu ukaletewa bomba la serikali. Kaka yangu alifurahi kama aliyepata mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa akihangaika na malori, kupiga simu, kusubiri, na siku nyingine kugombana na dereva. Mafundi walipochimba mbele ya mlango wetu mama aliwatolea halwa na kahawa. Kaka alimleta fundi wake mwenyewe, akamwambia aunganishe mfereji wa jikoni moja kwa moja na bomba la barabarani, maji yasipite tena kwenye hodhi wala kwenye tangi la juu. "Mama anywe maji mapya," alisema.

Na mama alifurahi kweli. Alikuja Maskati kijana, wakati maji yalipokuwa yakiuzwa kwa madebe juu ya migongo ya punda. Alisimama mbele ya mfereji ule akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. "Bahari hiyo," akasema, "imetolewa chumvi ikaletwa jikoni kwangu. Subhanallah." Chai ya siku ile ilikuwa nyekundu, safi, haina utando juu.

Alkhamisi iliyofuata baba alibadilisha maji ya tangi kama kawaida yake. Hata kabla ya adhuhuri nikamsikia anapiga kioo kwa kidole. Nilipofika niliwaona samaki wamekimbilia juu wote, midomo yao imetoka nje ya maji, wanatweta. Wengine walikwenda mbio huku na huku wakijigonga kwenye mawe, kama wanaofukuzwa na kitu nisichokiona. Mashavu yao wanayopumulia yalikuwa mekundu kupita kiasi. Mpaka alasiri wengi walikuwa wanaelea ubavu.

Baba aliwatoa mmoja mmoja kwa kiganja cha mkono wake mzito, akaenda nao uani, akawafukia chini ya mtende.

Kaka, ambaye kwa tabia haachi jambo hivi hivi, akaenda dukani akanunua wengine. Wakakaa salama siku chache. Baba akabadilisha maji, yakarudi yale yale. Safari hii baba alikaa kitandani asitake kuinuka, na mama akaanza kunong'ona kwamba tangi lile lina jicho la mtu.

Siku hiyo hiyo ndipo baba alipoanza kusema, "Bustani."

"Unataka nini, baba?"

"Bustani. Maji... Bustani."

Mama alidhani anataka kutolewa uani kwenye miti yake. Tukamtoa, akakataa. Kaka akasema, "Anasema Bustan, kule pwani. Labda anataka kubadili hewa." Wazo likatupendeza sote, kwa kuwa lilitupa la kufanya. Ijumaa tukafunga vikapu, mama akatia sambusa na chupa ya chai, tukapita mlimani tukashuka Bustan, tukatandika mkeka karibu na nyumba za kijiji. Baba alitazama bahari. Akatutazama sisi. Akapiga paja lake: "Siyo. Siyo!" Na machozi yakamtoka. Tulirudi Azaiba na sambusa zetu hazijaguswa.

Skulini kwetu palikuwa na mwalimu wa kemia kutoka Kenya, mwanamke wa makamo hivi, Mkristo, aliyekuja kwa mkataba na kumwacha mumewe na watoto kwao. Tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili kwenye chumba cha walimu, basi, si zaidi ya hapo. Jumamosi ile aliniona nimeinamia kikombe bila kunywa.

"Kwani umefiwa?" aliniuliza.

"Na samaki," nikasema, na niliposema hivyo nikajikuta nalia, mtu mzima, mbele ya walimu wenzangu.

Hakucheka. Alivuta kiti akanisikiliza mpaka mwisho, habari ya baba na maneno yake yaliyopotea, na safari yetu ya Bustan. Kisha akasema, "Nipeleke nimsalimie mzee. Hata mimi ninaweza kumaliza wiki mzima sijaongea Kiswahili na mtu. Tutasaidiana."

Alikuja jioni ya siku ya pili. Alivua viatu mlangoni, akampa mama mkono, akamwinamia baba na kusema, "Habari yako, mzee?" Baba akaitikia kwa kichwa. Mgeni hakumkalia kama mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, ambamo walikuwa wamesalia samaki wachache wamejikunyata pembeni, akainama, akaanza kuzungumza naye kana kwamba wanajuana miaka.

"Hii maji iko na shida, mzee."

"Haya," baba akasema.

"Haya. Sasa tuseme ni joto. Hii maji inatoka nje ikiwa moto..."

"Haya."

"Ndio, haya, mzee, ninaendelea. Kama hii maji..."

"Haya!" Baba alisimama. Uso ulikuwa umemwiva, mkono wake mzito umeinuka. "Maji *haya*! Maji haya... yana... yana shida!"

Mwalimu wa kemia akamtazama, akanitazama mimi, halafu akaelewa kwamba mzee hakuwa akimwitikia, alikuwa akimsahihisha. Akajishika kifua akacheka kicheko kikubwa kinachotoka tumboni. "Pole, mzee! Maji haya. Maji haya yana shida. Kule kwetu bara tunaua Kiswahili, na mazishi hatufanyi." Na baba akacheka. Tangu hospitali hatukuwa tumemsikia akicheka. Mama alitoka jikoni kuja kuona ni nani, maana hakuamini kwamba ni mumewe.

Baba hakukaa tena. Alimshika mgeni mkono wa nguo, akamvuta hadi jikoni, akafungua mfereji, akajaza bilauri na kumpa. Yule bibi akafikiri amekaribishwa maji, akashukuru, akataka kunywa. Baba akamzuia. "Nusa."

Alinusa. Akanusa tena akiwa amefumba macho.

"Bwawa la kuogelea," akasema. "Hii ni... haya maji yananuka kama bwawa la kuogelea. La hoteli."

"Bustani!" baba akasema, na akaegemea ukuta kama mtu aliyetua mzigo.

Hapo tena mimi na mama tukakumbuka. Pale Bustan pana hoteli kubwa, na zamani, baba akiwa bado kazini, tulikuwa tukialikwa huko kwenye sherehe. Sisi watoto tukiinama ukingoni mwa bwawa, naye akituambia tusijirashie machoni, maji yale yana dawa. Jikoni kwetu alikuwa ameisikia harufu ile ile, na samaki walipokufa mara ya pili akaijua sababu. Neno "dawa" lilimkimbia, neno "bwawa" likamkimbia, akabaki na jina la mahali. Alikuwa akituambia kweli tupu na sisi tukamfungia sambusa.

Siku iliyofuata mwalimu alikuja na kichupa cha matone kutoka maabara ya skuli. Aliomba bilauri za kioo, akazipanga juu ya meza ya kulia chakula. Moja aliijaza maji ya mfereji papo hapo. Nyingine kaka alipanda kuichotea kwenye tangi la zamani la juu ya dari, ambalo lilikuwa bado na maji. Ya mwisho ilikuwa ya ndoo ambayo mwalimu alituomba tuiweke wazi uani tangu jana yake. Watoto wa kaka walishuka kutazama. Akampa baba kichupa.

"Wewe ndiye daktari, mzee. Tia tone."

Baba akatia kwa mkono wa kulia. Maji ya mfereji yakageuka rangi ya manjano, kama mkojo wa mtoto, alisema mama, na watoto walipofasiriwa wakavunjika mbavu. Maji ya juu ya dari hayakugeuka. Ya ndoo ya uani hayakugeuka.

Mwalimu akatueleza. Mimi nilikuwa natafsiri kwa watoto, na baba akiitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili. Dawa ile ni klorini, hutiwa majini kuua vijidudu vya maradhi. Haipendi kukaa; maji yakiachwa wazi, juani, yakitikiswa na hewa, hutoka yenyewe ikapaa. Ndiyo maana miaka yote ya malori samaki hawakudhurika. Yale maji yalikuwa na dawa hiyo hiyo yalipoondoka kituoni, lakini yalilala kwenye hodhi, yakalala juu ya dari, hata yalipofika jikoni yalikuwa yameshaachana nayo. Sasa yalitoka bombani yakiwa na nguvu zake. Mwanadamu huyanywa yasimdhuru, kwa kuwa tumbo lake huimaliza ile dawa kidogo. Samaki hayanywi tu, anayavuta. Anapumua kwa ngozi nyembamba ya mashavuni, na dawa inamchoma pale pale.

Mama alikuwa ameshika bilauri yake mbali na kinywa. "Basi sisi tunakunywa sumu?"

"La, mama," mwalimu akasema, na sauti ikabadilika. "Kule nilikozaliwa tulichota mtoni. Mwaka mmoja kipindupindu kilipita. Kilichukua dada yangu mkubwa na mtoto wake siku moja. Mimi nikifungua mfereji nikasikia hiyo harufu, ninashukuru Mungu. Kunywa, mama. Ni samaki tu wanataka tuwangojee."

Mama akanywa yote. Kisha akazunguka meza akamkumbatia.

Basi tukawa na utaratibu mpya. Baba alijaza ndoo, akazifunika chandarua zisiingie vumbi na mbu, akaziacha uani siku nzima, kisha tukamsaidia kuziingiza ndani zipoe mpaka zilingane na maji ya tangi. Kaka, ambaye alikuwa ameumia moyoni kwamba bomba lake ndilo lililoleta msiba, alinunua kipampu cha hewa akautumbukiza mpira wake kwenye ndoo ili dawa itoke haraka. Alinunua na samaki wapya. Hawakufa. Sote tukahema.

Ila hatukuwa tumemaliza. Baada ya muda maji ya tangi yakawa na ukungu, samaki wakazubaa, na mmoja mmoja wakaanza kuelea. Mwalimu akapima klorini, haipo. Akapima joto, sawa. Alikiri mbele yetu kwamba hajui, akaenda akarudi na vitabu vya maktaba, akakaa na baba wakiangalia picha. Kisha akauliza, "Hili sifongo la chujio, mbona jeupe hivi? Lilikuwa kahawia."

Mama akajibu kwa fahari, "Mie nnalisafisha. Nimeliona limechafuka, nkalitia mferejini nkalisugua vizuri, kila siku ya kufua."

Mwalimu akafunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Akaeleza kwamba ule uchafu wa kahawia ni viumbe vidogo visivyoonekana, vinavyokula mkojo na mavi ya samaki na kuyafanya maji yasiwe sumu. Mama kwa usafi wake alikuwa akiviua vyote kwa maji ya dawa, na samaki wakabaki kuogelea ndani ya taka zao. Sifongo halitaki kutakata. Linataka kukamuliwa kidogo tu, ndani ya maji yale yale yaliyotolewa kwenye tangi.

Baba alimtazama mkewe kwa mapenzi. "Safi," akasema, akatafuta neno la pili, tukamngoja, sote, hata mwalimu. "Safi... mno."

"Na wewe umeanza kunena," mama akamjibu, akiwa amejitia kununa. "Bora ungenyamaza." Lakini nilimwona akigeuka kufuta macho kwa ncha ya buibui lake.

Tangu hapo yule mwalimu akawa wetu. Ijumaa, kwa kuwa makanisa ya huko yalisali siku ya mapumziko, alikwenda kanisani kwake asubuhi, baba na kaka wakaenda msikitini, na wote wakakutana kwetu kwenye chakula cha mchana. Yeye alileta maua au matunda, mama akampikia wali wa nazi na mchuzi wa papa. Baada ya kula, yeye na baba walikwenda kwenye tangi, naye akaanza kusema, na baba akaanza kumsahihisha. Akisema "viatu yangu", baba atamngojea afike mwisho wa sentensi kisha aseme, "Vyangu." Wakati mwingine, nna hakika, mwalimu alikosea makusudi. Siku moja nilimuuliza. Akatabasamu tu, akasema, "Mzee anapenda kazi."

Kwa kusahihisha neno moja akapata mawili, kwa mawili akapata sentensi. Kiswahili kikamrudia karibu chote. Mbele ya watu wageni bado kilimkwama, na akichoka kilikwama hata kwetu, lakini aliweza kuomba chai, kulalamika na chumvi, kumtania mama. Kiarabu hakikurudi ila vijisehemu. Badala yake watoto wa kaka, waliokuwa wakishuka kuangalia samaki, walianza kuokota Kiswahili. Mdogo wao alikuwa akinijia na kuniuliza, "Shangazi, babu kasema 'kamua'. Nini maana kamua?" Wakawa wanabishana na babu yao kuhusu chakula cha samaki, kwa lugha ambayo mimi nilidhani nyumbani mwetu itaishia kwangu na kwa kaka.

Mkataba wa mwalimu ulipokwisha alirudi Kenya, kwa mumewe na watoto. Tulimpeleka uwanja wa ndege sote, gari mbili. Mama alimtilia halwa kwenye mkoba hadi ukakataa kufungika. Baba alimshika mikono yote miwili akamwombea dua ndefu, kwa Kiarabu cha sala, bila kukosea, na yeye akaitikia "Amina" kila alipopumua.

Miaka ikaenda. Kisha ikaja ile tufani iliyoijaza Maskati maji, mafuriko ya mabondeni yakashuka na magari, barabara zikakatika, na mifereji ikakauka nyumba nyingi kwa siku kadhaa. Sisi tulisalimika. Tuliishi kwa maji ya lile hodhi la zamani, ambalo kaka hakuwahi kulifukia kwa uvivu, na tukawagawia jirani. Samaki hatukuwabadilishia maji. Baba aliwapunguzia chakula ili wasichafue.

Asubuhi moja mfereji wa jikoni ukakohoa, ukatema hewa, kisha maji yakatoka. Nyumba nzima ilipiga kelele za furaha. Baba alikuja akijikongoja na fimbo, akaomba bilauri, akainusa. Harufu ilikuwa kali kuliko siku zote, kama inavyopasa baada ya gharika, mabomba yanapohitaji kusafishwa na watu kulindwa na maradhi. Alitugeukia, mimi na mama na kaka na mkewe na watoto wao waliokuwa wamesharefuka kuliko yeye.

"Samaki msiwape leo, wala kesho," akasema. "Nyinyi kunyweni. Mshukuruni Mungu, na walioyatia dawa."

Aliisema yote, mwanzo mpaka mwisho, hakuna neno lililomkimbia. Kaka alichukua bilauri akanywa, akampa mkewe, ikazunguka.

Baba alifariki miaka michache baadaye, mchana, kwenye kiti chake, baada ya kula vizuri. Namba ya mwalimu tulikuwa nayo. Mama ndiye aliyetaka kumpigia mwenyewe. Nilikaa kando yake, nikasikia sauti ya upande wa pili ikivunjika, na mama aliyefiwa na mumewe akawa yeye ndiye anayembembeleza mwenziwe: "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza. Kaondoka anasema, hakuondoka bubu. Na hiyo ni kazi yako." Walizungumza muda mrefu, habari ya watoto, ya mvua za huko, ya samaki ambao mwalimu naye alikuwa amewaweka kwenye maabara ya skuli yake. Mama aliponipa simu sikuwa nimepanga la kusema. Nikamwambia ahsante. Akaniuliza, "Ya nini?" nami nikaanza kumhesabia, na tukacheka, na tukalia tena, mpaka salio la simu likaisha.